Samaki wa Raba Ndani ya Gorfa

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko huu. Mkono wangu ni mzito na herufi zinalala upande kama nyasi zilizolaliwa na mbuzi. Shule niliachia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika mara chache, kwa hivyo mkikuta neno limekosewa lisomeni vile mnadhani nilitaka kusema. Naandika polepole sana. Lakini kuongea mbele za watu siwezi kabisa, mate hunikauka, na jambo hili nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Lililoniamsha ni glavu. Mimi hufanya kazi jikoni katika hoteli ndogo hapa Isiolo mjini, namenya vitunguu na kuosha sufuria. Juzi mwenye hoteli alituletea glavu mpya za raba, zikaachwa dirishani juani. Nilizivaa nikaanza kumenya vitunguu saumu, na harufu iliyopanda, ya raba iliyopata joto pamoja na kitunguu saumu, ikanifanya nikae chini pale pale sakafuni. Wenzangu wakacheka. "Wee, kwani ni mimba?" mmoja akauliza. Nilikuwa nimerudi kwetu karibu na Gotu, mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka na hayajaota tena, na nyanya yangu bado yuko hai, ameketi mlangoni akisikiliza kama kuna mbuzi anayekohoa.

Wenzangu wa umri wangu mnaukumbuka ule ukame. Mvua ilikataa, tukangoja nyingine, nayo ikakataa. Ng'ombe wetu hawakufa kwa siku moja. Walianza kwa kushindwa kusimama asubuhi. Mama na baba walikuwa wakiwainua, mmoja ameshika mkia na mwingine pembe, na mimi nikisukuma tumboni, ambapo ngozi ilikuwa imelegea na baridi kama turubai lililotoka kwenye umande. Mwishoni hata fisi walikuwa wamenona wakaacha kukimbia wakituona. Baba alipobaki na wale wachache wa kuhesabika, aliamua kwenda nao upande wa chini wa mto, kupita Merti, pamoja na wanaume wengine. Siku ya kuondoka alimwita mama nje ya nyumba. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kuni kwa sababu sikutaka kuagwa.

"Mama yangu nakuachia wewe," alisema. "Ng'ombe wakifa, wamekufa. Lakini nikirudi nimkute."

"Utamkuta, inshallah," mama akasema.

Hayo ndiyo yote waliyoambiana. Mama hakuwa mtu wa kusema sana, na baba ni hivyo hivyo. Lakini tangu siku ile nilimwona mama akimtazama nyanya kila asubuhi kabla hajawasha moto, kama mtu anayetazama kama taa bado ina mafuta.

Nyanya tulimwita Akko. Alikuwa mama mzazi wa baba, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, na meno hakuwa nayo. Alibaki na pua na mikono. Wakati wa neema, ukimpa maziwa alikuwa akinusa tu na kusema ni ya ng'ombe gani, na kama amelishwa kando ya mto au kule kwenye mawe. Sasa hakukuwa na cha kunusa. Mbuzi waliobaki walikuwa wakavu. Mahindi na maharagwe ya msaada yalikuja, lakini maharagwe yalimwumiza tumbo na uji alikunywa vijiko viwili, akasema unamkaba. Aliishi kwa strungi, chai isiyo na maziwa. Bangili zake za shaba, zilizokuwa zikikaa kwenye kifundo cha mkono, zilianza kupanda kila akiinua mkono, zikafika kwenye kiwiko.

Wakati huo ndipo alipokuja abuya, ndivyo tunavyomwita ndugu ya mama. Alikuwa akifanya kazi katika kambi moja ya watalii, akifagia na kubeba mizigo, na wageni walipopungua akaambiwa apumzike nyumbani. Alikuja na begi moja la nguo na fimbo nyembamba ya kuvulia, ya vipande viwili vya kuunganishwa. Alikuwa ameachiwa na mgeni mmoja aliyepita akitoka kuvua katika ziwa la kaskazini. Pamoja na fimbo, mgeni alimwachia mfuko uliojaa vifuko vidogo vidogo, na ndani ya kila kifuko kulikuwa na vitu laini vya kung'aa: vyekundu, vya kijani, vyeupe vyenye nukta za fedha. Vingine vilikuwa na umbo la samaki mdogo, vingine kama mnyoo, na kimoja kilikuwa chura kabisa, na miguu yake.

"Abuya, ni pipi?"

"Lamba uone."

Nililamba. Kwanza nilisikia chumvi, halafu kitunguu saumu, halafu uchungu mbaya uliobaki ulimini mpaka jioni. Abuya alicheka akashika mbavu. "Basi wewe ni kambare, intala," alisema, akinitania kwa neno letu la kumwita msichana. "Hata yeye hudanganyika hivyo hivyo."

Alikuwa amemwangalia yule mgeni vizuri, na yeye si mtu wa kusahau. Alinieleza kwamba maji ya mto wetu, Ewaso Nyiro, ni ya tope, na kambare haoni kitu humo. Anatafuta kwa sharubu na kwa harufu. Samaki wa raba asiye na harufu atamgusa, atamtia mdomoni, na mara moja atamtema kwa sababu si nyama. Lakini ukimpaka mafuta yake, yale ya kitunguu saumu ya kwenye chupa ndogo ya mgeni, atamshikilia kidogo akijiuliza. "Hapo ndipo unavuta," abuya alisema. "Kazi ya haya mafuta si kumfanya aume. Ni kumfanya asiteme." Alikuwa akitia matone machache ndani ya kifuko, anakikanda kwa vidole mpaka kila samaki ang'ae, halafu anakifunga na kukiacha. Hakupenda kumwaga mengi. Alisema mafuta mengi ni sawa na marashi mengi, hata mjinga anajua kuna jambo.

Kumvika samaki ndoano ilikuwa kazi ya subira. Ncha aliiingiza mdomoni mwa samaki wa raba, akaitembeza ndani taratibu, akaitoa mgongoni, na akimaliza alimning'iniza mbele ya jicho kuona kama amenyooka. Akipinda hata kidogo alimtoa akaanza tena. Aliyepinda huzunguka majini kama kichaa, alisema, na kambare mzee humkimbia. Pale chini ya maporomoko ambapo maji hukaa kimya kati ya mawe meusi, alimtupa na kumvuta polepole chini kabisa, anavuta, anamwacha alale, anavuta. Mkia mdogo wa raba ulikuwa ukicheza. Nami nilikaa juu ya jiwe nikitazama mamba, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Kambare wa kwanza alitoka mweusi, mrefu kama mkono wangu, akifungua na kufunga mdomo. Nilikuwa na hofu kwamba ataongea.

Sasa lazima niwaeleze wale mliolelewa mahali pengine. Kwetu, wakati ule, samaki hakuwa chakula. Hakuna aliyesema ni haramu, kila mtu alijua ni halali. Lakini mtu wa ng'ombe hali samaki. Anayekula samaki ni yule ambaye ng'ombe wamemwisha, na akila, watu hujua wamemwisha. Wasichana wa jirani walikuwa wakinikuta kisimani wakishika pua. "Sogeeni, sogeeni, mto unapita!" mmoja alipenda kusema. Mwingine alinishika mkono akakwaruza ngozi yangu kwa kucha, akawaonyesha wenzake. "Bado magamba hayajatoka." Nilitaka kumwambia kambare hana magamba, lakini sikusema. Mimi ni wa kukaa kimya tangu zamani.

Abuya alijaribu kumweleza Akko waziwazi, mara moja tu. Alikaa mbali naye kidogo kwa heshima.

"Akko, salaam aleikum. Mto una chakula. Samaki ni halali, hata kuchinjwa hahitaji."

"Aleikum salaam. Halali ni halali," Akko akasema. "Punda naye ni mnyama mzuri, unampanda. Unamla?"

"Akko, punda ni jambo lingine."

"Wewe ni mtoto mzuri. Kula samaki wako, Mungu hana neno. Mimi nimezaliwa nikiwa na maziwa mdomoni, wacha nife ladha isibadilike."

Alisema bila hasira, akitabasamu. Mama alikuwa amesimama nje ya mlango na kijiko mkononi, na nilimwona akifumba macho.

Ilikuwa siku chache baadaye ambapo Akko alishindwa kuketi. Mama alimwinua, na baadaye akaniambia kwamba alihisi kama ameinua furushi la nguo. Jioni hiyo alimpeleka abuya pembeni. Sikusikia walilosema, lakini kesho yake mama alichukua sufuria moja kuukuu akaiweka mbali na nyumba, chini ya mti wa miiba upande ambao upepo unatoka kwetu na haurudi. Huko ndiko alikopika. Alichemsha kambare, akatoa kila mwiba kwa vidole, akaiponda nyama, akaikaanga kwa kitunguu na samli ya mwisho iliyobaki kwenye chupa, samli ambayo alikuwa akiiweka kwa ajili ya siku baba atakaporudi. Aliitia chumvi nyingi. Akanawa mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Halafu akaniambia, "Mpelekee Akko. Akiuliza, sema Mzee Halake amechinja mbuzi."

Mzee Halake alikuwa jirani yetu, mwenye ndevu zilizotiwa hina. Hakuwa na mbuzi wa kuchinja. Alikuwa na mbuzi wa kulia nao.

Akko alinusa sahani. Alikaa nayo usoni muda mrefu. Akaonja kwa ncha ya kidole. Akatafuna kwa fizi, akimeza taratibu.

"Ni nini?" akauliza.

"Mzee Halake amechinja mbuzi."

"Halake," akasema. "Mungu amuweke Halake." Akamaliza yote, akalamba kidole.

Mama alikuwa akitazama kupitia tundu la ukuta. Aliingia akachukua sahani tupu, akatoka nayo, akaketi kwenye mawe ya jikoni akiikumbatia.

Tangu hapo Akko alikula. Abuya alikwenda mtoni alfajiri na kurudi kabla ya watu kuamka vizuri, akaoga, akabadilisha shuka, ndipo akamsalimu. Bangili zilianza kukaa mahali pamoja. Na kila alipokula, Akko alimwombea Halake. Alimwombea mvua, akamwombea wajukuu, akamwombea magoti yake yasiume. Mimi nilifikiri dua zikitumwa kwa mtu asiyehusika huwa zinarudi, na nilikuwa nikitazama juu nione zinakopitia.

Halafu Halake mwenyewe akaja kutusalimu. Mama hakuwa na nafasi ya kumzuia njiani. Akko alitambua sauti yake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Halake, njoo nikushike. Wewe ni mwanangu. Nyama yako imenirudisha duniani."

Halake alimtazama Akko, akamtazama mama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, shuka limemfunika mdomo. Mzee yule akaelewa kitu. Alipiga magoti na kumpa Akko mkono.

"Ni kidogo tu, Akko," alisema. "Mwakani nitakuletea ng'ombe."

Alipotoka nje alisimama karibu na mama na kusema kwa sauti ya chini, "Usinifanye nishukuriwe tena. Hilo ni zito." Hakukanyaga tena kwetu mpaka mazishi.

Sasa nifike kwenye gorfa. Wale samaki wa raba walihitaji kutunzwa, na abuya alikuwa mkali kwa hilo kuliko jambo lolote. Kila rangi ikae katika kifuko chake. Mkia usikunjwe, ukikunjwa unabaki hivyo na hauchezi tena. Jua lisiwaguse. Lakini vifuko vilianza kupasuka, na siku moja mama, akitaka kusaidia, aliwakusanya wote akawatia katika mkebe mgumu wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, akauweka juu ya sanduku. Joto la siku zile mnalijua. Abuya alipofungua, wekundu walikuwa wameingia kwenye weupe, chura amelala juu ya mnyoo wakawa kitu kimoja, na chini ya mkebe palikuwa pamelainika na kunata kama kwamba wale samaki walikuwa wakiula.

"Plastiki na plastiki zinakulana," abuya alisema. Alikuwa akiwatenganisha kwa ukucha, na nilikuwa sijapata kumwona mtu mzima akiwa karibu kulia kwa ajili ya raba. "Dada, hizi zikiisha hakuna duka la kununua. Hizi ndizo mbuzi za Akko."

Mama alifikiri. Alihitaji mahali penye baridi na giza, si plastiki, mahali ambapo harufu ya kitunguu saumu haitatoka na kumfikia Akko. Ukutani ilikuwa imening'inia gorfa, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kimekazwa mpaka hakivuji tone, na kifuniko chake cha ngozi. Ilikuwa ya mama yake Akko kabla ya kuwa yake. Mama alikuwa akiifukiza kila siku wakati wa maziwa, anaingiza kijinga cha mti wa harufu kikiwa bado kinawaka, anafunika, anatikisa, mpaka moshi uingie kwenye nyuzi zote. Tangu maziwa yaishe ilikuwa imening'inia bure.

"Hiyo?" abuya akauliza. "Hiyo ya Akko?"

"Una mahali pengine?"

Abuya hakuwa na mahali pengine. Wakawafunga samaki katika vitambaa vidogo, kila rangi kitambaa chake, wakawalaza ndani. Ajabu ni kwamba tangu hapo alianza kupata samaki wengi zaidi. Alisema ni ule moshi, umeshikana na mafuta. "Kambare wa hapa ni Waborana kama sisi," aliniambia mtoni, akinong'ona ili asiwaamshe. "Wanataka kitu kilichofukizwa." Nilicheka mpaka nikasahau kutazama mamba. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho kucheka mwaka ule.

Mawingu yalianza kuonekana upande wa milima. Hayakuleta kitu, lakini watu walianza kuzungumza kwa sauti ya kawaida tena, na wanawake wakaanza kutembeleana. Wachache walikuja kumwona Akko siku mama alipokuwa ameenda kisimani. Mimi nilikuwa hapo, nikipika chai. Akko alikuwa na furaha, uso umejaa kidogo, na walimsifu.

"Akko, umerudi msichana! Siri ni nini?"

"Jirani mwema," akasema.

Wakazungumza juu ya mvua, na Akko akasema mvua haimkuti mwanamke ambaye vyombo vyake ni vichafu. Akaomba ateremshiwe gorfa yake aifukize kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamke mmoja, mrefu, akasimama akaitungua. Mimi nilikuwa na birika mkononi. Kabla sijalitua, kifuniko kilikuwa kimefunguliwa.

Harufu ilijaza nyumba, kitunguu saumu na raba na moshi. Mwanamke mrefu akarudisha kichwa nyuma. Akko akaingiza mkono. Alitoa kitambaa, akakifungua, na samaki mwekundu mwenye mafuta akamteleza mapajani.

"Nyoka!" mwanamke mmoja akapiga kelele akaruka nje. Mwingine alimwokota kwa ncha za vidole, akamtazama, akacheka kicheko kifupi kama mtu aliyejikwaa. "Si nyoka. Ni samaki. Ni ile takataka ya yule mvuvi wenu. Kwenye gorfa, jamani!" Halafu akamtazama Akko, akatazama sahani yake ya nyama iliyokuwa pembeni, na akajifuta vidole kwa shuka. Wote wakaigeukia sahani ile. Nilirudisha birika motoni.

Akko alinyoosha kiganja, akarudishiwa samaki. Alimpapasa kuanzia kichwani mpaka mkiani. Mkia ukacheza. Alimrudisha ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya gorfa, akafunika, akakaza kifuniko vizuri.

"Chai imeiva?" akaniuliza. "Wape wageni."

Hawakunywa. Mama alikutana nao njiani, na alipoingia alikuwa tayari anajua. Alipiga magoti mtungi ukiwa bado mgongoni.

"Akko, ni raba tu. Si samaki wa kweli."

"Najua ni raba. Nina mikono."

"Nisamehe."

"Tua maji kwanza, utavunjika mgongo."

Hakumgombeza. Mngejua vile mama alivyotamani agombezwe. Mchana huo Akko alipelekewa sahani na akasema ameshiba. Jioni alisema ameshiba. Mama alichinja mbuzi wa kweli, yule jike mmoja aliyekuwa anatarajiwa kuzaa, akamletea Akko maini na kumwonyesha ngozi, akamwekea mkono wake juu ya pembe zilizokatwa. Akko alizigusa, akasema, "Pole kwa mbuzi." Hakula.

Mimi sikuelewa. Nilidhani amefunga. Nilimwona hali mchana wote, anasogeza midomo, anashika tasbihi, na huo kwangu ulikuwa mwezi wa Ramadhani, umemjia yeye peke yake kwa sababu ni mzee. Nilijivunia sana. Kila jua lilipozama nilimpelekea maji na kumwambia, "Akko, magharibi imefika, futuru." Alikunywa kidogo, ananipapasa kichwani. "Kesho," alikuwa akisema. Nilikuwa nikihesabu kwa vijiti nikingoja Idi yake. Niliwaambia hata wale wasichana wa kisimani kwamba Akko amefunga, na kwa mara ya kwanza hawakunitania. Waliangaliana.

Alikufa mchana, upepo ukivuma, bangili zikiwa karibu na bega. Mama ndiye aliyezitoa. Hazikuhitaji hata kuvutwa.

Baba alirudi baada ya mvua, na ng'ombe wawili. Mto ulikuwa umejaa na njia zimekatika, kwa hivyo habari hazikuwa zimemfikia. Alisimama kwenye kaburi, kisha akaja akaketi pale mlangoni alipokuwa akiketi Akko, na mama akamweleza yote kwa mfululizo bila kulia, kuanzia sahani ya kwanza. Mama alikuwa akitarajia kufukuzwa. Abuya alikuwa ameshafunga begi lake.

Baba alimsikiliza mpaka alipomaliza. Halafu akasema, "Nipikieni vile mlivyompikia."

Iliwachukua muda kwa sababu maji yalikuwa mengi, lakini abuya alipata kambare. Mama akaiponda nyama, akaikaanga kwa samli ya kuazima, chumvi nyingi. Baba alikula mbele yetu sote. Hakuwa amewahi kula samaki maishani mwake. Alitafuna polepole, akamaliza yote, akajifuta mkono mguuni.

"Hii haifanani na mbuzi," alisema.

"Hakuwa na meno," mama akasema.

"Ulimi alikuwa nao. Pua alikuwa nayo. Mtu aliyekuwa anajua maziwa ya kila ng'ombe!" Alisukuma sahani. "Mama alijua tangu siku ya kwanza."

"Angejua hangemwombea Halake."

"Alikuwa akikuombea wewe," baba akasema. "Alikuwa anaogopa kukutaja jina. Alikuwa amekubali, mradi hakuna anayemwambia. Wale wanawake wakaja wakaona."

Mama alichukua sahani akatoka nje. Hawakulizungumza tena mbele yangu, lakini halijaisha. Baba bado anaamini alijua. Mama anaamini alimdanganya mama mkwe wake mpaka mwisho, kwamba Akko aliacha kula kwa sababu hakukuwa tena na mkono wa kuuamini katika nyumba ile, hata akionyeshwa pembe. Mimi nilikuwa na sahani mikononi mara nyingi kuliko mtu yeyote, na nikijitahidi kukumbuka uso wake wakati ule anaponusa, siku nyingine naona anajua, siku nyingine naona mwanamke mzee mwenye njaa.

Najua haikuwa nyumba yetu peke yake. Ukame ule uliingia Garbatulla na Merti na kila mahali, na wengi wenu mlikuwa na wazee ambao walipewa kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Kwa hivyo nawaomba mniandikie. Msinipe pole, hiyo nimepewa. Niambieni tu huyo wa kwenu aliuliza nini, mlimjibu nini, na kama mnadhani alijua. Mama yangu hasomi. Nitamsomea mimi, moja moja.